Dawa Iko, Kazi ni Kuifikisha

Maneno ya komite ya afya mbele ya mkutano mkuu. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu, wapate kujua sanduku la kusaidiana linaelekea wapi.

 

Komite ya afya iliombwa ijibu ulizo moja. Katika mkutano uliopita, wanachama wengine walileta shauri kwamba sanduku letu linunue chupa za dawa ya macho zinazopitishwa sokoni. Wauzaji wanasema ndani yake kuko "nano" na "antioksidanti", kwamba ni sayansi mpya ya wazungu, na kwamba inasafisha mtoto wa jicho bila kupasuliwa. Wazee wetu ambao hawaoni tena vizuri wamesikia maneno hayo na wamepata tumaini. Tunawaelewa. Mtu aliyekimbia na watoto mgongoni, akalala miaka chini ya bashi, akarudi na kukuta nyumba imebomoka, hataki kuambiwa kwamba hata uso wa mjukuu wake hatauona tena.

Tuliuliza wauguzi, tulisoma, tulijadiliana. Jibu letu liko na sehemu mbili. Sayansi ile ni ya kweli. Lakini chupa zile si sayansi ile. Na katikati ya maneno hayo mawili kuko fundisho moja linalotuhusu sisi tuliorudi kuliko watu wengi: mara nyingi dawa iko, kinachokosekana ni cha kuibeba mpaka inapohitajika. Ni hivyo ndani ya jicho, na ni hivyo kati ya Goma na vijiji vyetu.

Kutu ndani ya jicho

Munajua mabati yaliyonyeshewa miaka mingi, ao panga lililosahauliwa shambani: chuma kinaliwa na kutu. Munajua mawese yaliyokaa wazi muda mrefu, yanaanza kunuka. Avoka iliyokatwa asubuhi, saa sita imekwisha kuwa nyeusi. Yote hayo ni kazi ya oksijeni. Oksijeni inatupa uhai, lakini mwili ukiitumia inaacha mabaki makali yanayouma kila kitu kilicho karibu. Antioksidanti ni kitu kinachokubali kuumwa kwanza, ili sehemu za mwili zisiumwe.

Jicho liko katika hatari hiyo sana. Mwanga wa jua unaingia ndani yake siku nzima. Tena retina, yaani ule ukuta wa nyuma unaopokea picha, inatumia oksijeni nyingi kupita ukubwa wake. Ndiyo maana jicho limepewa ulinzi wa nguvu. Maji yaliyo mbele ya lenzi yana vitamini C mara nyingi kuliko damu. Katikati ya retina kuko rangi ya njano, luteini na zeaksantini, ambayo mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe. Inatoka katika majani ya kijani, mahindi ya njano na kiini cha yai.

Umri ukiongezeka, ulinzi unapungua. Lenzi, ile kioo kidogo ndani ya jicho, inafifia polepole kama dirisha la jikoni. Hapo tunasema mtoto wa jicho, ile wengine wanaita kataraki. Moshi nao unasaidia uharibifu. Uchunguzi uliofanyika India na Nepal uliona kwamba wamama wanaopika kwa kuni ndani ya nyumba wanapata mtoto wa jicho kuliko wale wasiokaa ndani ya moshi. Wamama waliopika miaka ndani ya vijumba vya bashi huko Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya hawahitaji kufundishwa moshi ni nini.

Tone linapotea njiani

Sasa mtu atauliza: kama antioksidanti zinalinda jicho, juu ya nini tusizitie humo tu, mambo yaishe?

Ni kwa sababu jicho limejengwa ili lisiingiliwe. Ukitia tone moja la dawa, tone ni kubwa kuliko nafasi iliyoko, na sehemu yake inamwagika shavuni. Ukipepesa, machozi yanasukuma sehemu nyingine katika katundu kadogo kalicho kwenye kona ya ndani, inashuka puani mpaka kooni. Ndiyo maana wakati mwingine munasikia uchungu wa dawa mdomoni. Inayobaki inakutana na konea, kioo cha mbele. Konea ina tabaka zinazokubali mafuta na tabaka zinazokubali maji. Dawa inayopita kwenye moja inakwama kwenye nyingine. Mwishoni, chini ya 5% ya dawa iliyokuwa katika tone ndiyo inaingia ndani. Kufika mpaka retina, ni karibu hakuna. Ukisema umeze kidonge, kuko ukuta mwingine kati ya damu na retina, unaochagua nini kipite.

Tuseme hapa neno moja kwa wale wanaotia dawa ya presha ya macho kila siku, sababu dawa hiyo ni ghali na hakuna wa kuimwaga. Ukiisha kutia tone moja, funga jicho polepole bila kupepesa, bonyeza kidogo kwa kidole kona ya ndani karibu na pua, ukae hivyo dakika 2. Dawa nyingi itabaki fasi inapohitajika. Na tone moja linatosha. La pili linasukuma la kwanza nje.

Wabebaji wadogo

Wataalamu walipoona hivyo, walianza kutafuta cha kubebea dawa. Hapo ndipo neno "nano" linaingia. Nanomita moja ni mita iliyogawanywa mara 1,000,000,000. Unywele mmoja wa kichwa una upana wa nanomita karibu 80,000. Chembe za nano ni vifuko ao punje za nanomita chache mpaka mia chache tu. Kifuko kidogo hivyo kinaweza kushikamana na uso wa jicho, kupenya mahali ambapo dawa ya wazi haipenyi, na kutoa mzigo wake polepole.

Si hadithi. Chanjo za Pfizer na Moderna dhidi ya COVID-19 zilibebwa ndani ya vifuko vya mafuta vya namna hiyo. Kwa macho, dawa inayoitwa Visudyne, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2000, inasafiri ndani ya vifuko vya mafuta: inatiwa katika mshipa wa mkono, kisha inaamshwa kwa mwanga wa leza ndani ya jicho.

Na antioksidanti? Mwaka 2006, watafiti wa Marekani, kati yao James McGinnis wa Oklahoma na Sudipta Seal wa Florida, walichapisha matokeo katika jarida Nature Nanotechnology. Walichukua punje ndogo sana za oksidi ya seriamu, wakazidunga ndani ya macho ya panya, kisha wakawaweka panya hao chini ya mwanga mkali unaoharibu retina. Macho yaliyopewa punje yalilindwa. Ajabu ya seriamu ni kwamba punje yake ikiisha kushika mabaki makali inaweza kurudi hali yake ya kwanza na kushika tena, wakati vitamini ikishaumwa mara moja imekwisha. Kwa wachimbaji walio hapa: seriamu si koltani ya Rubaya wala kasiterite ya Bisie. Ni metali iliyo katika kale kajiwe kanakotoa cheche kwenye brike ya sigara.

Tunawaheshimu watu wanaofanya kazi hiyo. Siku moja itasaidia wajukuu wetu. Lakini musikie vizuri tulivyosema: panya, na sindano ndani ya jicho, ndani ya maabara. Kutoka panya mpaka mtu ni safari ndefu, na wengi wanaoianza hawafiki.

Juu ya nini tusinunue chupa

Neno la kwanza: mpaka leo hakuna tone wala kidonge kilichothibitishwa kuondoa mtoto wa jicho. Lenzi iliyofifia ni kama yai lililochemshwa. Ute ukishakuwa mweupe haurudi kuwa maji. Dawa yake ni kuitoa na kuweka lenzi ya plastiki, kama alivyoanza kufanya daktari Harold Ridley huko London mwaka 1949. Leo ni kazi ya chini ya saa moja, mgonjwa akiwa macho, na wengi wanaona kesho yake bandeji ikitolewa.

Neno la pili: antioksidanti zenyewe zimekwisha kupimwa kwa watu, kwa uzito. Marekani, taasisi yao ya taifa ya macho ilifuata watu 4,757 kwa miaka mingi, na matokeo yakatoka mwaka 2001. Vidonge vya vitamini C, vitamini E, betakarotini na zinki vilipunguza hatari kwa karibu 25% kwa watu waliokuwa tayari na ugonjwa fulani wa retina wa uzeeni. Kwa mtoto wa jicho havikuleta faida. Na katika uchunguzi wa pili, uliotoka mwaka 2013, betakarotini ya vidonge iliondolewa na luteini ikawekwa fasi yake, sababu kwa wavutaji sigara vidonge vile vilikuwa vinaongeza hatari ya kansa ya mapafu. Kwa hiyo hata kitu chema kikipewa bila kipimo kinaweza kuumiza.

Neno la tatu: chupa isiyojulikana imetoka wapi inaweza kuwa na vijidudu. Ao inaweza kuwa na dawa ya kotizoni, ambayo inatuliza wekundu siku mbili tatu, mtu anafurahi, kumbe inapandisha presha ndani ya jicho na inaweza kuleta huyo huyo mtoto wa jicho. Anayefurahi leo anapofuka kesho. Sanduku letu halikuwekwa kwa ajili hiyo.

Mbebaji tuliye naye: mawese

Tumesema hapana kwa chupa. Tusiishie kwa hapana. Kuko mbebaji wa nanomita ambaye kila mmoja wetu yuko naye tangu kuzaliwa, na hauzwi sokoni.

Rangi nyekundu ya mawese ni karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Kilo moja ya mawese mekundu ina karotini miligramu 500 mpaka 700 hivi. Lakini karotini haiyeyuki ndani ya maji. Mtoto akila majani bila mafuta, sehemu kubwa inapita tu. Akila na mafuta, utumbo unafunga karotini ndani ya vitone vya mafuta vilivyovikwa protini, vidogo vya kupimwa kwa nanomita, na vitone hivyo vinabeba mzigo mpaka kwenye damu na maini. Ni kazi ile ile ambayo maabara zinajaribu kuiga. Sombe na mawese, lengalenga na mawese, matembele na mawese: majani yanaleta luteini, mafuta yanaibeba. Bibi zetu hawakujua neno nano, lakini sufuria zao zilijua.

Hapa si juu ya wazee, ni juu ya watoto. Mtoto aliyekosa vitamini A anaanza kugongagonga vitu jua likizama, wakati wenzake wanaona. Baadaye jicho linakauka, konea inapata kidonda, inapasuka, na jicho hilo limekwisha. Hakuna upasuaji wa kulirudisha. Tena anakuwa dhaifu mbele ya magonjwa mengine. Daktari Alfred Sommer na wenzake, walipofanya kazi Indonesia miaka ya 1970 na 1980, waliona kwamba kuwapa watoto vitamini A kulipunguza vifo vyao karibu theluthi moja katika vijiji vile.

Surua inamaliza haraka vitamini A ya mtoto na kushambulia macho wakati huo huo. Munakumbuka mwaka 2019. Katika nchi yetu surua ilihesabiwa kwa wagonjwa zaidi ya 300,000, na vifo vikapita 6,000. Wakati dunia yote ilikuwa inaangalia Ebola, surua iliua wengi zaidi. Watoto waliozaliwa njiani na kambini, wengine hawana hata karatasi ya chanjo.

Basi mambo matatu, na yote yanawezekana. Kwanza, kidonge cha vitamini A kwenye kituo cha afya ao wakati wa kampeni: cha buluu, vipimo 100,000, kwa mtoto wa miezi 6 mpaka 11, chekundu, vipimo 200,000, kwa wa mwaka 1 mpaka miaka 5, kila miezi 4 mpaka 6. Ni bure. Mtoto mwenye surua anapewa tena, siku mbili zikifuatana, hata kama alipewa karibuni, mumwambie muuguzi. Pili, chanjo ya surua kwa kila mtoto aliyerudi bila karatasi. Tatu, kijiko kidogo cha mawese mekundu katika chakula cha mtoto kila siku. Lakini wamama, musiyachemshe mpaka rangi nyekundu ipotee. Mawese yaliyochomwa mpaka yakawa meupe yamepoteza karotini. Yanabaki mafuta tu. Mutie sehemu wakati chakula kinakaribia kuiva.

Na hapa Masisi na Walikale zinahitajiana. Michikichi iko chini, Walikale. Maharagi, viazi na maziwa viko juu, Masisi. Bidoni ya mawese inapopanda na gunia la maharagi linaposhuka, si biashara tu. Watoto wa pande zote mbili wanakula kamili. Barabara ikifungwa, wote wanapungukiwa.

Mito yetu na Mectizan

Kuko upofu mwingine ambao ni wa kwetu hasa. Kando ya mito yenye maji ya mbio, kuko kainzi kadogo keusi kanakouma mchana. Kanapanda ndani ya ngozi vijidudu vya ugonjwa wa onkoserkosisi, ile upofu wa mito. Minyoo wakubwa wanakaa chini ya ngozi miaka 10 na zaidi, wanazaa vitoto kwa maelfu. Vitoto vinatembea ndani ya ngozi, ndiyo ile kujikuna usiku kucha, na vinafika machoni. Vikifia humo, jicho linavimba, linapona na kovu, linavimba tena, mpaka mwanga unakwisha. Hapo pia hakuna tone la kurudisha.

Dawa yake ni Mectizan. Kampuni ya Merck ilitangaza mwaka 1987 kwamba itaitoa bure kwa muda wote itakapohitajika, na mwaka 2015 William Campbell na Satoshi Ōmura, waliovumbua dawa hiyo, walipewa Tuzo ya Nobel. Lakini tuangalie kilichofanya dawa hiyo ifike vijijini. Hakikuwa kiwanda peke yake. Ni wanakijiji waliochaguliwa na wenzao, wakapewa kijiti cha kupimia urefu na daftari, wakapita nyumba kwa nyumba. Katika programu ya Afrika iliyodumu 1995 mpaka 2015, Masisi na Walikale zilikuwa na mradi wao wa namna hiyo. Mgawaji wa kijiji ndiye alikuwa chombo cha kubebea.

Mectizan inaua vitoto, haiui wakubwa. Ndiyo sababu inapaswa kunywewa kila mwaka, miaka mingi mfululizo. Na hapo ndipo vita vilitukata. Mtu aliyekaa miaka Nakivale, Rwamwanja, Kiziba, ao katika kambi zilizozunguka Goma mpaka zikavunjwa mwanzo wa mwaka 2025, jina lake lilitoka katika daftari la kijiji. Sasa amerudi kando ya mto ule ule, kainzi bado kako, na daftari haimujui. Hilo ni shimo ambalo hakuna maabara ya ng'ambo itakuja kuliziba. Ni sisi tu tunajua nani amerudi, lini, na anakaa wapi.

Maonyo mawili. Mectizan haipewi mtoto mwenye urefu chini ya sentimita 90, mama mwenye mimba, mama aliyezaa ndani ya juma moja, wala mtu aliye mgonjwa sana. Tena katika sehemu fulani za misitu ya Congo kuko mnyoo mwingine, ule unaoonekana ukipita kwenye jicho. Mtu aliyewahi kuuona amwambie mgawaji kabla ya kunywa, sababu dawa inaweza kumletea shida kubwa. Na wafugaji wa Masisi, tunawaomba: ivermektini ya ng'ombe ni ya ng'ombe. Jina ni moja, kipimo si kimoja.

Kutoka kijiji mpaka meza ya daktari

Turudi kwa wazee wetu wenye mtoto wa jicho, maana ni juu yao shauri lilianza. Dawa yao iko. Ni upasuaji. Lakini kati ya mzee wa kijiji kilicho nyuma ya Nyabiondo na meza ya daktari wa macho kuko nini? Kuko pikipiki, matope, vizuizi, usiku mmoja ao mbili njiani, mtu wa kumshika mkono, chakula cha wote wawili, na woga. Tone la dawa linapoteza sehemu shavuni, sehemu puani, sehemu kwenye konea. Franka za mgonjwa zinapotea hivyo hivyo, hapa na pale, mpaka anarudia katikati ya njia.

Kwa hiyo komite inaleta mbele yenu mashauri manne.

La kwanza: sanduku lisinunue chupa za macho, hata moja. Mwanachama anayetaka kununua kwa franka zake ni uhuru wake, lakini tumemwambia.

La pili: sanduku lifungue mfuko wa nauli kwa ajili ya kupasuliwa mtoto wa jicho. Mfuko ulipe njia ya mgonjwa na ya mtu mmoja wa kumsindikiza, kwenda na kurudi, na chakula cha njiani. Wagonjwa waende kwa kikundi, si mmoja mmoja, ili gari moja litoshe na wapeane moyo.

La tatu: kabla ya nauli, mgonjwa apimwe na muuguzi wa karibu. Si kila upofu ni mtoto wa jicho. Jicho lililoharibiwa na presha ao na upofu wa mito halitarudi kwa upasuaji huo, na ni ukatili kumsafirisha mzee siku mbili ili aambiwe hivyo. Kila kijiji kichague watu wawili wajifunze kipimo rahisi: mtu asimame mita 3, aonyeshe vidole, mgonjwa avihesabu kwa jicho moja moja. Asiyeweza, jina lake liandikwe na apelekwe kwa muuguzi. Jicho jekundu lenye maumivu makali, ao lililopoteza kuona ghafla, halingoji kikundi. Linakwenda siku hiyo hiyo.

La nne: kila kundi la wanachama liandike waliorudi. Majina yenye watoto chini ya miaka 5 yapelekwe kwenye kituo cha afya kwa vitamini A na chanjo. Majina ya wanaokaa kando ya mito yapelekwe kwa mgawaji wa Mectizan. Hii haihitaji dola. Inahitaji daftari, kalamu na mtu mwaminifu.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi. Tunajua ni vyema kutoa kitu kinachoonekana: mashine, kartoni za dawa, kibao chenye jina. Hatukatai. Lakini mukituuliza leo kinachokosekana ni nini, tutasema nauli ya mgonjwa, posho ya anayemshika mkono, mafuta ya pikipiki ya anayepeleka daftari. Vitu hivyo havipigwi picha. Bila hivyo, kidonge cha bure kinalala ndani ya kartoni na lenzi ya plastiki inalala kabatini.

Kwa wanachama tunasema: musiwacheke wale walioleta shauri la chupa. Walikuwa wanatafuta mwanga kwa wazazi wao. Tutafute pamoja, lakini kwa njia inayofika.

Mashauri manne yako mbele yenu. Yeyote mwenye neno aseme sasa, kisha tupige kura.